Kompyuta ya Injini: Chombo Gani Kinafaa kwa Gari la Todonyang?

Maandishi ya mada kwa madereva, wenye magari na mafundi wa Turkana Kaskazini

 

Mada ya leo ni kompyuta ya injini na programu zinazotumika kuisoma na kuibadilisha, kazi ambayo vijana wa gereji huiita kutyuni. Wengine watauliza jambo hili linahusu nini watu wa ufuo wa ziwa. Linawahusu sana. Kutoka Todonyang hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 150 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na njia yenyewe ni ndefu zaidi, ina mchanga, mawe na laga. Gari linalopeleka samaki ndilo linalorudi na unga, na usiku ndilo linaloitwa mama akishikwa na uchungu. Gari hilo likizimika katikati ya laga, hakuna bredauni inayokuja kwa simu moja. Kwa hivyo anayegusa kompyuta ya injini ya gari hilo anagusa usalama wa watu wengi, hata kama gari ni la mtu mmoja.

Neno kuu la mada hii ni fupi. Chombo cha kwanza cha kununua ni cha kusoma, si cha kuandika. Na kisiandikwe kitu chochote kwenye kompyuta ya gari ambalo mwenyewe hana nakala ya faili lake la asili. Mengine yote yanafuata hapo.

Gari lina kompyuta au halina?

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwenye gari ajue kwanza kama injini yake inaongozwa na kompyuta. Land Cruiser nyingi za kazi zinazopita kaunti hii zina injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Pampu yake ya dizeli hufanya kazi kimakanika. Hakuna programu inayoamua dizeli kiasi gani iingie kwenye silinda, kwa hivyo hakuna cha kutyuni kwa laptopu. Vivyo hivyo pikipiki nyingi za bodaboda zinazotumia kabureta. Mtu akija kuuza programu ya kuongeza nguvu ya 1HZ, anauza upepo.

Hali ni nyingine kwa Land Cruiser yenye injini ya V8 ya dizeli ya lita 4.5, kwa Hilux za D-4D, kwa pikapu mpya za Isuzu, na kwa Probox ya petroli inayobeba abiria. Hizi zote zina kompyuta. Kompyuta hupokea habari kutoka kwa vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa: joto la maji ya rejeta, wingi na joto la hewa inayoingia, shinikizo la dizeli, mahali kranki ilipo. Kisha hutazama majedwali ya namba yaliyohifadhiwa ndani yake na kuamua mafuta kiasi gani yaingie na wakati gani. Kutyuni ni kubadilisha namba za majedwali hayo. Namba zikiwa nzuri injini hutulia. Zikiwa mbaya injini huungua polepole, na dereva hajui mpaka siku inapogoma.

Chombo cha kusoma

Tangu mwaka 1996 magari yote madogo mapya yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa na tundu la aina moja lenye pini 16, na Ulaya ikafuata miaka michache baadaye. Kwa sababu hiyo magari mengi ya leo yana tundu hilo chini ya usukani. Kifaa kidogo kikichomekwa hapo huzungumza na simu kwa Bluetooth, na programu ya simu, kama Torque au Car Scanner, huonyesha misimbo ya hitilafu na namba zinazotoka kwa vihisi wakati injini inanguruma.

Vifaa vingi vya bei nafuu vimeandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ambayo ilifunga kazi mwaka 2022. Toleo la kwanza la chipu hiyo halikuwekewa kinga ya kunakiliwa, na viwanda vingine vikalinakili. Ndiyo maana soko limejaa nakala, nyingine nzuri kiasi, nyingine hazifai kabisa. Sura ya nje haisaidii kuzitofautisha. Kinachosaidia ni kuzijaribu kabla ya kulipa.

Jaribio la kwanza ni la asubuhi, kabla injini haijawashwa. Swichi ifunguliwe tu, kisha programu ionyeshe joto la maji ya rejeta na joto la hewa inayoingia. Gari likiwa limelala usiku kucha, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Moja ikisema 28 na nyingine 70, ama kihisi kimeharibika ama kifaa kinasema uongo. Kifaa kijaribiwe kwenye gari la pili kujua kosa liko wapi.

Jaribio la pili ni kuzima data ya simu. Programu inayodai intaneti kila inapofunguliwa haifai kwa dereva wa Todonyang. Ifunguliwe simu ikiwa haina mtandao, isome misimbo, ihifadhi kumbukumbu ya safari, kisha ifunguliwe tena. Jaribio hilo lifanyiwe Lodwar dukani, si Lowarengak barabarani.

Jaribio la tatu ni kuuliza kama kifaa kinaelewana na gari lenyewe. Magari ya mtumba yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana tundu la pini 16, lakini mengi ya zamani hayajibu kwa lugha ya kawaida ya vifaa hivi. Mwenye Probox asishangae simu ikisema gari halikupatikana. Huenda kifaa si kibovu. Kinahitaji mipangilio ya magari ya Japani, au programu nyingine.

Msimbo si hukumu

Chukua mfano wa pikapu ya dizeli iliyobeba samaki. Ikipanda kilima inakosa nguvu na taa ya injini inawaka. Kifaa kinasoma P0087. Maana yake ni kwamba shinikizo la dizeli kwenye bomba linalolisha nozeli liko chini ya lile ambalo kompyuta imeomba. Msimbo haujasema pampu imekufa. Huenda filta ya dizeli imeziba, huenda kuna maji kwenye dizeli, huenda bomba linavuta hewa, huenda valvu imechoka, na huenda kweli ni pampu.

Fundi mzuri huanza na kilicho rahisi. Anamwaga maji ya filta, anabadilisha filta, kisha anatazama tena namba za shinikizo gari likivuta mzigo. Fundi wa haraka hufuta msimbo, taa inazimika, anapokea pesa. Ubaya wa kufuta ni kwamba pamoja na msimbo hufutika pia kumbukumbu ya hali ya injini ilivyokuwa wakati wa hitilafu: mwendo, joto, mzigo. Hiyo ndiyo shahidi wa pekee. Kwa hivyo kanuni ni kusoma, kuandika kwenye daftari au kupiga picha ya skrini, ndipo kufuta.

Magari mengi yanayopelekwa kutyuniwa kwa sababu yamepungukiwa nguvu hayahitaji kutyuniwa. Yanahitaji filta ya hewa isiyojaa vumbi, rejeta iliyooshwa, bomba la turbo lisilovuja na dizeli safi. Kuongeza namba kwenye kompyuta ili kuficha filta iliyoziba ni sawa na kumchapa punda aliyebeba mzigo kupita kiasi.

Programu ya kiwanda

Ngazi ya pili ni programu ya mtengenezaji wa gari. Toyota wana Techstream, na mfumo wao mpya zaidi huitwa GTS+. Programu hizi hufanya kazi kwenye laptopu ya Windows na huona ndani ya gari kuliko kifaa cha simu. Kwa mfano, nozeli za injini za D-4D zina msimbo wake kila moja, ulioandikwa juu ya nozeli yenyewe. Nozeli mpya ikifungwa, msimbo huo lazima uingizwe kwenye kompyuta, la sivyo silinda moja hupata dizeli zaidi au pungufu ya nyingine, na injini hutetemeka na kutoa moshi. Hiyo si kazi ya kutyuni, ni kazi ya matengenezo, na kifaa cha bei nafuu cha simu kwa kawaida hakiiwezi.

Kwa gereji ya Lodwar au Kakuma inayohudumia Toyota nyingi, chombo cha ngazi hii kina faida kuliko chombo cha kutyuni, kwa sababu kitatumika kila wiki. Tahadhari ni moja. Nakala za wizi za programu hizi huuzwa kwenye sidii na flashi pamoja na waya wa bei nafuu. Nyingi huamuru mnunuzi azime kinga ya virusi kabla ya kuziweka. Laptopu hiyohiyo huwa na M-Pesa ya biashara, picha za familia na kumbukumbu za wateja. Aidha ni kinyume cha sheria ya hakimiliki. Mafundi kadhaa wanaweza kuchanga na kununua leseni moja halali itakayokaa katika gereji moja inayokubalika na wote, na gharama ikabebeka.

Programu ya kuandika upya

Ngazi ya tatu ndiyo yenye hatari. Hapa kuna vyombo viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza hutoa faili kutoka kwenye kompyuta ya gari na kulirudisha. KESS ya kampuni ya Alientech ya Italia ni mfano. Cha pili ni programu ya kulihariri faili hilo. WinOLS ya kampuni ya EVC ya Ujerumani na ECM Titanium ya Alientech zinajulikana sana. Wenye Subaru wana bahati ya kupata RomRaider, ambayo ni ya bure na iko wazi kwa kila mtu kuikagua. Kwa magari ya mashindano au injini za zamani zilizoundwa upya, wengine huondoa kompyuta ya kiwanda na kufunga nyingine kama MegaSquirt, ambayo hutyuniwa tangu mwanzo. Hiyo ni kazi ya siku nyingi na haifai gari la abiria.

Mwenye gari hahitaji kujua kutumia programu hizi. Anahitaji kujua mambo manne kuhusu chombo alicho nacho fundi.

Jambo la kwanza ni kama chombo kinasoma kompyuta ya gari kweli. Baadhi ya vyombo havisomi faili lote. Hutambua namba ya toleo, kisha huchukua faili linalofanana kutoka kwenye hazina ya kampuni kwa intaneti. Fundi aseme wazi ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu nakala ya hazina si lazima ilingane kwa kila kitu na kilichokuwa ndani ya gari.

Jambo la pili ni kama faili litafunguka kwingine. Vyombo vya kutyuni huuzwa kwa daraja mbili, bwana na mtumwa. Cha mtumwa hutoa faili lililofungwa ambalo bwana wake pekee ndiye anayelifungua. Mwenye gari akikosana na fundi huyo, au fundi akihama, faili la asili linabaki kifungoni.

Jambo la tatu ni muhuri wa hesabu. Ndani ya faili kuna namba za kuhakikisha kwamba halijaharibika. Namba za majedwali zikibadilishwa, muhuri huo lazima ukokotolewe upya. Chombo halali hufanya hivyo chenyewe. Nakala za wizi mara nyingine hukosea, na gari haliwaki tena.

Jambo la nne ni umeme. Kuandika kwenye kompyuta huchukua dakika kadhaa, mara nyingine zaidi, swichi ikiwa wazi na injini imezimwa. Betri ikishuka katikati ya kazi, kompyuta hubaki na nusu ya faili la zamani na nusu ya jipya. Betri iliyochoka kwa joto la Turkana haiaminiki. Fundi awe na chaja maalum ya kushikilia volti zikae bila kupanda wala kushuka. Asiye nayo asianze. Kompyuta iliyokufa Todonyang hufunguliwa na kupelekwa Eldoret au Nairobi, na gari husubiri juu ya mawe.

Faili la Nairobi kwenye joto la Turkana

Wapo wanaosema faili lilitengenezwa na mtaalamu wa Nairobi, kwa hivyo ni zuri. Huenda ni zuri kwa Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni karibu kilopaskali 83. Lodwar iko karibu mita 500 na shinikizo lake ni karibu kilopaskali 96. Ufuo wa ziwa, hapa Todonyang, uko chini zaidi. Ukipima hewa ya Nairobi yenye joto la nyuzi 22 na hewa ya Lodwar yenye nyuzi 38, ya Lodwar bado ni nzito kwa karibu asilimia 10. Injini inapata hewa zaidi huku, lakini ni hewa ya moto, na rejeta inapoza kwa shida.

Kompyuta ya kiwanda inajua hayo. Ina majedwali ya kusahihisha kwa shinikizo na kwa joto, na yapo mengine ya kupunguza nguvu maji yakichemka kupita kiasi. Mtyunaji mvivu huyalaza majedwali hayo ili gari lisikie jepesi siku ya majaribio. Kwenye barabara za Nairobi hakuna kinachoonekana. Kwenye mchanga wa laga, gia ndogo, mzigo mzito na jua la saa nane, injini ya dizeli yenye turbo hupandisha joto la moshi mpaka turbo, gasketi ya hedi au pistoni zinashindwa. Injini ya petroli isiyo na turbo, kama ya Probox, hupata nyongeza ndogo sana kwa kutyuniwa, kwa hivyo hasara inayoweza kutokea ni kubwa kuliko faida.

Kuna pia suala la mafuta. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi pampu inavyotakiwa. Ndiyo sababu mojawapo serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili kuondoa faida ya kuchanganya. Anayejaza kwa jerikeni barabarani hajui alichojaza. Kiwanda huacha nafasi ya usalama kwenye injini kwa ajili ya siku kama hizo. Kutyuni kwa ajili ya nguvu huila nafasi hiyo.

Na vile vifaa vidogo vinavyouzwa kuwa vinapunguza mafuta vikichomekwa kwenye tundu la pini 16? Wahandisi waliofungua baadhi yake wamekuta taa inayowakawaka tu, bila kuunganishwa na mawasiliano ya gari. Pesa hiyo inunue filta.

Sheria na wajibu

Kenya iliweka Kanuni za Ubora wa Hewa mwaka 2014 chini ya sheria ya mazingira, nazo zilihusu moshi wa magari. Kutoa kichujio cha moshi cha gari la dizeli na kuidanganya kompyuta kwamba bado kipo ni kuwarudishia moshi watoto wanaokaa kando ya barabara. Mwenye gari la abiria aulize kampuni yake ya bima kabla ya kubadilisha injini, kwa sababu dai linaweza kukataliwa baada ya ajali. Gari jipya linaweza kupoteza dhamana. Gari la umma, la shirika au la wagonjwa halibadilishwi na dereva. Linahitaji idhini ya maandishi ya anayelisimamia.

Kwa vijana wanaotaka kazi hii, njia ipo. Waanze na umeme wa magari katika vyuo vya ufundi, wafanye mitihani ya ufundi ya NITA, ndipo wanunue vyombo. Don Bosco kule Kakuma wamefundisha ufundi wa magari kwa miaka mingi, kwa wakimbizi na kwa wenyeji. Anayejua kutumia mita ya umeme na kusoma mchoro wa waya atamzidi mwenye laptopu ya bei ghali asiyejua.

Maswali sita ya kumwuliza fundi

Kabla ya kumruhusu mtu aandike chochote kwenye kompyuta ya gari, mwenye gari aulize:

1. Tatizo ni nini, na limepimwa kwa namba zipi?
2. Filta, rejeta, mabomba na betri vimekaguliwa?
3. Faili la asili litasomwa kutoka kwenye gari hili, na nakala yake nitapewa leo kwenye flashi, likiwa wazi?
4. Ni majedwali gani yatabadilishwa, na ya kulinda injini dhidi ya joto yataachwa?
5. Chaja ya kushikilia volti iko wapi?
6. Gari likikataa kuwaka, nani atalipa na litafufuliwa wapi?

Fundi anayejua kazi hakasiriki kwa maswali haya. Anayekasirika amekwisha jibu.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Flashi yenye faili la asili na daftari la misimbo ndilo daftari la gari la leo. Vikae nyumbani, si ndani ya gari, na dereva wa zamu ajue vilipo. Siku taa ya injini itakapowaka usiku, mgonjwa akiwa nyuma na Lodwar ikiwa mbali, dereva aliyesoma namba zake mapema atajua kama anaweza kuendelea polepole au lazima asimame na kuita gari jingine.